Fundi mitambo wa Mwanga na wimbo uliokimbiza waombolezaji Gungu

Saa mbili asubuhi, Dismasi Ntakije amepiga magoti mbele ya spika yake kubwa kwenye uwanja wa nyumba moja ya Gungu, mjini Kigoma. Anaigonga maiki kwa ncha ya kidole, anatega sikio, anaigonga tena. Hasemi neno.

"Harusini nasema 'moja mbili, moja mbili' mpaka mtaa mzima ujue nimefika," anaeleza kwa sauti ya chini. "Msibani hatuhesabu. Unagonga kidole tu, spika ikiitika, kazi imeisha."

Leo ni arobaini ya marehemu Feliksi Rusimbi. Turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na nyuma ya nyumba wanawake wanakaanga samaki wa migebuka kwa mafuta ya mawese. Familia iko kanisani kwenye misa na itarudi wakati wowote.

Dismasi hatulii. Kila geti linapolia anageuka. Anayemwogopa ni Mzee Jeremia, kaka wa marehemu na katekista mstaafu. Mara ya mwisho walipokutana kwenye uwanja huu, siku ya mazishi, mzee huyo alichomoa waya wa spika kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia asikanyage tena hapa.

Aliyemwita leo ni mjane, Mama Veneranda. Shemeji yake hajakubali wala hajakataa, amesema tu kwamba ataona akitoka misani. Akimfukuza mbele ya watu, Dismasi anajua hakuna familia ya Gungu itakayomwita tena.

"Na misiba ndiyo inayonilisha," anasema fundi huyo mwenye umri wa miaka thelathini na sita. "Harusi zina msimu wake. Zikikata, nabaki na misiba."

Kwa siku moja ya msiba hulipwa shilingi elfu hamsini, jenereta likiwa juu yake. Tangu siku ile ya mazishi hajaitwa msibani hata mara moja.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye neno.

Familia ya marehemu ilimwomba muziki wa taratibu, usio na maneno, wa kupiga wakati watu wanapita kuaga mwili. Nyimbo za kwaya alizonazo kila mtu anazo, na Dismasi alitaka kitu cha pekee. Akiwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio pale Mwanga, humohumo mjini, alitafuta kwenye simu "muziki wa mazishi". Zikaja kwaya zilezile.

Akaona atumie Kiingereza. Hakijui vizuri, lakini neno la mazishi, "funeral", alikuwa analikumbuka, ameliona kwenye magari mengi ya kubeba majeneza. Akaliandika, akaongeza neno "muziki", akabonyeza.

"Ikaja albamu yenye picha ya kanisa la mawe na ukungu," anasimulia. "Nikasema hawa ni Wakatoliki wenzetu. Nyimbo nne tu, na ule mfupi kabisa ni robo saa. Nikafurahi, foleni ya kuaga ni ndefu. Nikasikiliza dakika ya kwanza, ni kinanda cha kanisa, kinalia taratibu, kizuri mno. Nikaipakua, nikaweka kwenye flashi."

Dakika ya pili hakuisikiliza. Mteja alikuwa mlangoni na redio yake.

Alichopakua, amekuja kujua baadaye, ni aina ya muziki wa metali unaopendwa na watu wachache huko nchi za baridi. Magitaa yake ni mazito na mwendo wake ni wa kutambaa. Jina la aina hiyo ya muziki lina neno "mazishi" ndani yake, na hapo ndipo simu yake ilipomponza. Ni muziki wa mazishi kweli, ila si wa kupigwa kwenye mazishi.

Siku ya kuaga, spika ilikuwa karibu na kichwa cha jeneza. Kinanda kikalia, watu wakaanza kupita mmoja mmoja, mambo yakaenda vizuri. Kisha magitaa yakaingia, na baada ya magitaa ikaingia sauti ya mwanamume, nzito, ya kuguna, inayotoka chini kabisa.

"Mama mmoja alikuwa ameinama kumwangalia marehemu," anasema Dismasi, na hapo anashindwa kuzuia kicheko kinachomwaibisha. "Akapiga kelele: 'Feliksi anaongea!' Basi! Viti vilipinduka, kwaya ikatoka na mashati yao ya sare, wengine walipita juu ya uzio. Mimi mwenyewe nilitaka kukimbia, nikakumbuka mitambo ni yangu."

Mzee Jeremia hakukimbia. Alikuja na kuchomoa waya.

"Nilijua ni shetani," mzee huyo alimweleza mwandishi wa makala haya siku chache kabla ya arobaini. "Nimefundisha katekisimu ujana wangu wote. Shetani namjua."

Kuna mtu mwingine ambaye hakukimbia, lakini kwenye vurugu zile hakuna aliyemtazama. Mama Veneranda alibaki ameshika ubavu wa jeneza, analia kwa sauti.

Habari ilifika Mwanga kabla ya Dismasi kurudisha spika zake. Saumu, fundi cherehani ambaye kibanda chake kimepakana na cha Dismasi, anasema watu walikuja kuchungulia wamwone "yule aliyeongeza sauti ya maiti".

"Nilimcheka mpaka mbavu zikauma," anasema Saumu, mzaliwa wa Ujiji. "Halafu nikaacha kucheka, maana akaanza kuusikiliza wimbo wenyewe. Kila siku! Mimi mtoto wa Ujiji nimelelewa na kaswida. Siku ya kwanza nilisoma Ayatul Kursi mkasi uko mkononi. Nikamwambia, Dismasi, zima hilo dude, wateja wangu wanavaa nguo hazijaisha, wanakimbia."

Kwa nini aliendelea kuusikiliza? Hili ndilo swali lililomleta mwandishi Mwanga, na Dismasi hulijibu kwa kukuna kichwa.

"Nilitaka kujua nilifanya nini," anasema. "Mtu akifukuzwa, ajue kosa lake."

Mara ya kwanza aliishia dakika ya nne. Akauzima. Mara ya pili alifunga mlango wa kibanda, akakaa mpaka wimbo ukaisha, na alipotoka nje soko lote la Mwanga lilionekana linakimbia. Wauza nyanya, bodaboda, wapiga debe, wote walikuwa na haraka asiyoielewa.

Mara ya tatu aligundua jambo. "Yule anayeguna anaimba," anasema, macho yamemtoka. "Ana noti zake. Nyuma yake kuna kinanda kidogo kinarudiarudia, na yeye anakifuata. Si kelele ile. Mtu ameimba mpaka sauti ikaenda chini, ikagoma kupanda."

Mwandishi naye aliomba kuusikia. Aliwekwa kwenye stuli ya kibanda, akavishwa hedifoni zilizofungwa gundi ya karatasi, na Saumu akasogea mlangoni kumtazama.

Ni kweli kwamba unatisha, lakini si kwa namna iliyotarajiwa. Hautishi kwa kelele, unatisha kwa kukusubirisha. Ngoma inapigwa pigo moja, kisha hakuna kitu, mpaka unadhani umeme umekatika, ndipo linakuja jingine. Baada ya muda unajikuta unapumua kwa mwendo wa ile ngoma. Gitaa linaburutwa mithili ya kabati la chuma kwenye sakafu ya saruji. Na ule mguno, ukishauzoea, unaanza kukufanya umkumbuke mtu. Mwandishi alimkumbuka bibi yake, na hakupenda kukumbushwa mbele ya Saumu.

Alipovua hedifoni, Dismasi alikuwa anamsubiri. "Umemkumbuka nani?" akauliza, na kabla hajajibiwa akaendelea. "Mimi mama yangu. Msiba wake mitambo nilifunga mimi. Watu wamekaa mkekani wanalia, mimi nazunguka na waya, natafuta wapi umeme unavuja. Sikukaa. Nimekuja kukaa humu kibandani, na huu wimbo. Nililia, kaka, sikufichi."

Wiki iliyopita Mama Veneranda alitokea Mwanga. Saumu alipomwona anashuka kwenye bodaboda na vazi lake jeusi, aliweka mkasi chini akijua ugomvi umefika.

"Shikamoo mama," alisema Dismasi.

"Marahaba. Ile sauti bado unayo?"

Akampa stuli, akampa hedifoni. Mama huyo aliusikiliza wimbo wote macho yamefumbwa. Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu wa familia yake.

Marehemu Feliksi alifanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli ya abiria ziwani. Miaka ya mwanzo ya ndoa alimchukua mkewe safari moja ya kwenda kusini, na kwa kuwa hawakuwa na chumba, mke alilala sakafuni, sikio juu ya chuma.

"Chini yangu yupo Feliksi na injini yake," Mama Veneranda alimweleza mwandishi nyumbani kwake. "Chuma kinaguna, kinanyamaza, nasema Imana we, Mungu wangu, imezima, tunazama! Halafu kinaguna tena. Usiku kucha. Asubuhi akapanda juu amejaa oili, ananicheka. Ananiambia ile ndiyo sauti yangu mimi, ukiisikia ujue nipo kazini."

Alipofariki, machozi yaligoma. Siku mbili za matanga alikaa macho makavu, akiwasikia mawifi wakinong'ona kwamba mjane gani huyu asiyelia. Ulipopigwa wimbo wa Dismasi, watu wakikimbia, yeye alisikia meli.

"Wao walisikia shetani," alisema. "Mimi nilisikia mume wangu yupo kazini. Ndipo nikalia. Nilikuwa nataka kumwambia kijana asante, nikaona aibu, watu wangesema nimechanganyikiwa."

Aibu hiyo ndiyo anayoitua leo. Amemwomba Dismasi alete spika, na amemweleza shemeji yake habari ya meli na kumwomba asikilize kabla ya kuhukumu.

Geti linalia. Familia imerudi kutoka misani, Mzee Jeremia mbele, koti la suti mkononi. Dismasi anasimama, anafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Mzee anaitazama spika, anatazama ilipo soketi. "Hicho kitu kiko humo?"

"Kimo, mzee."

"Lete hiyo ya masikioni."

Anakaa kwenye kiti cha plastiki, hedifoni juu ya mvi, uso umekunjwa kwa ubishi. Wageni wanaingia na kuulizana kuna nini. Migebuka inaletwa mezani. Mzee hanyanyuki. Dismasi amesimama pembeni, mkono mmoja tayari kwenye waya, na mwandishi anaona shati lake limelowa mgongoni ilhali jua bado halijawa kali.

Mama Veneranda anakuja kusimama nyuma ya kiti cha shemeji yake.

Muda mrefu unapita. Kisha kidole cha mzee kinaanza kugonga goti lake, pigo moja, kimya, pigo moja. Anavua hedifoni na kuzishika mapajani.

"Si shetani," anasema hatimaye. "Shetani hana huzuni. Huyu mtu amefiwa."

Anageuka kumtazama shemeji yake. "Feliksi alinipeleka na mimi kule chini kwenye injini, mara moja. Nilikuwa nimesahau." Machozi yanamtoka, na hayafuti.

Dismasi anataka kubonyeza kitufe, mzee anamzuia. "Ngoja. Nipe maiki kwanza, niwaambie watu wasikimbie."

Anasimama mbele ya turubai, maiki mkononi, katekista yuleyule wa zamani. "Ndugu zangu," anasema, "mtakayoyasikia sasa msiyaogope. Ni watu wa mbali, wamefiwa, na huko kwao wanalia hivi. Shemeji yangu anasema ni sauti ya meli ya Feliksi. Na mimi nimesikia. Kaeni."

Wimbo unapigwa. Mwanzoni wasichana wawili jikoni wanabana midomo kuzuia kicheko. Magitaa yanapoingia mtu mmoja ananyanyuka, anaona mzee amekaa, naye anakaa. Mguno unapoanza, Mama Veneranda anafumba macho na kuweka kiganja juu ya spika, pale inapotetemeka. Hakuna kiti kilichopinduka.

Baada ya chakula, watu wawili wanamwomba Dismasi namba yake ya simu. Mmoja anataka mitambo ya arobaini nyingine, ila anasisitiza kwamba apigiwe kwaya.

"Kwaya nitapiga," anacheka fundi huyo huku akikunja nyaya. Mipango anayo. Anataka kununua spika ya pili ya besi, na anataka kuwa anawauliza wafiwa kwanza, marehemu alikuwa anafanya kazi gani na alikuwa anapenda kusikia nini, badala ya kujibebea flashi tu.

Lakini kuna jambo jingine linalomkaa rohoni zaidi. Anatoa simu na kufungua ukurasa wa ile albamu. Chini yake kuna sehemu ya maoni, na watu wa lugha mbalimbali wameandika.

"Nilimpa Saumu, shule yake ilifika mbali kuliko yangu, anisomee wanasema nini," anaeleza. "Wote wanasifia gitaa. Gitaa zuri, ngoma nzuri. Waimbaji wanalia saa nzima, kaka, na hakuna hata mmoja aliyewaambia pole!"

Alimwomba Saumu amwandikie pole kwa Kiingereza. Saumu alifikiri sana, akamwambia neno hilo Wazungu hawana. Basi akaandika mwenyewe, kwa Kiswahili, na maneno yake yapo pale chini ya yote: *Poleni sana na msiba. Mimi ni fundi mitambo, Kigoma. Mlifiwa na nani?*

Bado hajajibiwa. Anaangalia kila asubuhi anapofungua kibanda, na hana wasiwasi.

"Watajibu," anasema, akiirudisha simu mfukoni. "Hawa mambo yao ni polepole."