Sikio Kwenye Katoni

Dada wa dirisha la mizigo ya ndege haamini maneno ya mteja, anaamini sikio lake. Kila katoni huigonga kwa kidole, akaiinamia kama daktari, kisha akauliza kwa sauti kavu: "Kuna kinachooza? Kinachopumua? Kinachoweza kuwaka?" Viatu, vitabu, mashuka, hiyo ndiyo mizigo ya kawaida, na muhuri hushuka pa! Samaki, vifaranga na betri vina dirisha lao, hata ulie machozi ya damu.

Jana bibi mmoja alileta zawadi ya mjukuu wake wa kwanza. "Nguo tupu, mwanangu," aliapa. Dada akagonga, na katoni ikaanza kuimba. Foleni nzima tuliangua kicheko.

"Bibi, siku hizi nguo zinaimba?"

"Zimefurahia safari!"

Ndani mlikuwa na mwanasesere, betri ya kuchaji mgongoni. "Betri utarudi nayo nyumbani," dada alisema, bisibisi mkononi. "Mwanasesere bila betri ni mzigo wa kawaida, atasafiri." Bibi akashusha pumzi. Dada akafungua kifuniko cha betri, kisha akasita.

"Acha kwanza amalize wimbo," alisema, na kwa muhuri wake akaanza kumpigia ngoma mezani.