Kusindikizana na Shosho

Sitadanganya: mara ya kwanza nilikwenda mkutanoni kwa ajili ya chakula. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi mjini Saint Paul, Marekani, miaka ya tisini, na rafiki yangu wa darasani, Mhmong, wa jamii ya wakimbizi kutoka Laos, aliniambia kikundi cha mtaani kwao hakikutani bila sufuria. Nilipofika nikakuta mambo mazito. Vijana fulani wenye pikapu walikuwa wakipita wakiwatukana Waasia na kuwarushia mayai. Kikundi kilitafuta watu wa kuwasindikiza wazee kutoka darasa la Kiingereza hadi nyumbani. Nikainua mkono, mdomo ukiwa bado umejaa.

Nilipewa bibi mmoja, Mhmong, mfupi hata kwangu mimi nisiye na urefu wa kuringia. Nikamwita shosho, kama tunavyowaita bibi zetu Kenya. Yai lilikuwa limempata begani, na binti yake, aliyefanya kazi hospitali katika mji jirani wa Maplewood, aliapa kwamba asipopata wa kutembea naye, darasa basi. Na bila darasa angeukosa mtihani wa uraia, aliokuwa akiutaka kwa moyo wote.

"Ati wewe ndio security?" alinicheka Mkenya mwenzangu niliyeishi naye chumba kimoja. "Hiyo pikapu ikikuja uta-do nini? Utaipima pressure?"

Kiingereza cha shosho kilikuwa kimefika kwenye siku za wiki. "Jumanne," aliniambia njiani. Nikakubali, kweli ilikuwa Jumanne.

Mlangoni pake nikaaga. Akageuka, akanifuata. Nikafurahi, maana hata kwetu mgeni haachwi mlangoni, husindikizwa. Tukaenda hadi kituo cha basi. Pale ndipo nilipokumbuka kwamba sasa atarudi peke yake. Nikamrudisha. Akanisindikiza. Nikamrudisha tena. Mabasi mawili yakanipita, vidole vya miguu sivisikii kwa baridi. Nikakasirika, nikamwonyesha mlango kwa kidole. Naye akanyoosha chake kuelekea kituoni, kwa ukali zaidi.

Baada ya wiki kadhaa tukapatana bila maneno. Tuliagana kwenye kona ya sanduku la posta, ambapo mimi niliuona mlango wake na yeye alikiona kituo changu.

Ni kwenye kona hiyo pikapu ilitukuta. Kioo kikashuka. "Rudi kwenu, we mweusi!" Yai likanipasukia kifuani. Niliogopa sana. Shosho akasimama mbele yangu, akainua mwavuli na kuwamwagia Kihmong kirefu nisichokielewa hata neno. Pikapu ikaondoka. Akanipangusa koti kwa skafu yake, huku akiguna kama mama yangu anavyoguna.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kwao mapema kabla ya darasa. Niliogopa kwamba binti atamfungia ndani, na kosa ni langu. Binti ndiye aliyefungua mlango.

"Nisamehe, dada," nilisema. "Nilipewa kazi ya kumlinda mama, na ni yeye aliyenilinda."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Hakuna aliyekwambia? Mama alikataa kusindikizwa. Alisema yeye si mtoto. Ndipo tukamwambia kuna msichana wa Kiafrika, mgeni, hana mama hapa wala wa kutembea naye. Akakubali siku hiyo hiyo."

Niliona aibu, nikaudhika, kisha machozi yakanilengalenga kabla sijaamua nimeudhikia nini.

"Kwa hiyo darasa hataacha?"

"Aache, halafu wewe utembee na nani?"

Nyuma yake shosho alikuwa ameshavaa viatu, mwavuli mkononi, ingawa mvua haikuwapo. Alinitazama kwa ukali kwa kumchelewesha.

"Jumanne," alisema.

Nikamfuata.