Jiko Lililofukuza Moshi

Moshi wa matawi ya chai una harufu yake. Msimu wa kupogoa, michai inapokatwa mpaka vinabaki visiki, watu wa kwetu Boito hubeba yale matawi nyumbani yangali mabichi, na ukiyawasha hutoa moshi mzito, mchungu, unaoingia kwenye nywele na sweta na kukaa humo. Ukienda kanisani Jumapili, aliyekaa nawe benchi moja anajua umetoka kupika. Mimi nilikulia ndani ya moshi huo, miaka ya tisini, na nilidhani kila jikoni duniani ni hivyo. Jikoni kwetu ilikuwa nyumba ya duara, kuta za udongo na paa la nyasi, mawe matatu katikati. Juu ya mawe kulikuwa na dari ya fito, na huko ndiko tuliweka kila kitu cha maana: kuni za akiba, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, na mahindi ya mbegu ya Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba. Aliyafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza, nayo yalikuwa meusi kwa masizi kama yamepakwa rangi.

Chini ya dari hiyo alikaa mama yangu, macho mekundu, akipuliza moto na kukohoa. Jioni alikuwa haoni vizuri uzi na sindano, akaniachia mimi vifungo vyote vya nyumba. Rafiki yake alikuwa Mama Akinyi, mke wa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mtu wa upande wa ziwa, mwenye mdomo usiokuwa na breki. Siku moja aliingia kuomba moto, akamkuta Mama anajifuta kwa leso.

"Mama Chebet, wewe unalia kila siku na hakuna aliyekufa."

"Ni hizi kuni," Mama akasema.

"Ni hayo mawe. Kwetu nimefinyanga vyungu tangu nikiwa msichana. Nipe udongo, nikujengee jiko lenye adabu."

Alikuwa ameona jiko la namna hiyo likifundishwa kwa akina mama wa kanisa lake. Baba alipopeleka ndama soko la Mulot, kazi ikaanza. Nilibeba udongo wa kichuguu kwa karai, tukauchanganya na kinyesi cha ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, tukaukanyaga kwa miguu tukicheka. Mama Akinyi alilaza gogo la mgomba pale moto utakapokaa, akasimamisha jingine pale moshi utakapopitia, akajenga udongo kuyazunguka. Ulipoanza kushika tukavuta migomba nje, na mashimo yakabaki laini kama yamepigwa randa. Bomba alitengeneza kwa mikebe ya mafuta ya kupikia iliyotobolewa matako, akalitoa nje kupitia ukutani ili lisiguse nyasi. Baba aliporudi alilizunguka lile jiko kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, akauliza kama linakamuliwa, akaenda zake.

Siku tulipoliwasha nilitoka mbio kuangalia nje. Moshi ulikuwa unatoka ukutani kwetu, unapanda juu ya michai kama wa kiwanda, na mimi nikaona sisi pia ni watu wakubwa. Ndani ungeweza kuona sura ya mtu. Sufuria mbili zilichemka pamoja kwa kuni chache, ugali huku na mboga kule. Niliwaita wasichana wa darasa langu waje watazame, na nikawaambia kwamba nikiwa mkubwa nitakuwa na jikoni nyeupe kabisa, ya kuvaa viatu. Mama alianza kuimba akipika. Sikuwa najua kwamba anajua nyimbo nyingi hivyo. Kikohozi kilipungua, na jioni moja akachukua sindano mkononi mwangu akaitia uzi mwenyewe. Kogo peke yake ndiye aliyenung'unika. "Jiko gani hili limefunga mdomo kama bibi harusi? Sasa mtu ataota nini?" Lakini naye alisogea, akaegemeza mgongo kwenye udongo wenye joto, akasinzia.

Ukafika wakati wa kupanda. Baba alipanda kwenye dari kuteremsha mbegu, na alipovuta kamba ya kwanza unga ukamwagikia usoni. Fukusi walikuwa wamekula punje zote kutoka ndani, yamebaki magunzi na maganda. Baba alivuta kamba nyingine, na nyingine, unga ukawa unatuangukia kama mvua nyepesi. Kogo aliokota gunzi moja, akalinusa, akasema polepole, "Halina moshi." Hapo ndipo sote tulielewa. Tangu zamani moshi ndio uliokuwa unalinda ile mbegu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kufanya kazi nyingine ya kuilinda, hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa inalindwa.

Baba hakupiga kelele. Alitoka, akarudi na jembe. Mama akasimama mbele ya jiko, unga bado nyweleni.

"Mbegu nitaomba kwa kaka yangu kule Sigor," alisema. "Macho nitaomba kwa nani?"

"Hii mbegu ni ya mama yangu," Baba akajibu.

Mama alimtazama Kogo. Sisi sote tulimtazama Kogo, maana neno lake moja lingetosha. Kogo aligeuza lile gunzi mkononi, akaligeuza tena, halafu akatazama chini. Mama akasogea pembeni. Jiko la udongo halivunjiki kwa kishindo, linamumunyika, na lilichukua muda mrefu. Jioni mawe matatu yalirudi mahali pake, na Mama akainama kupuliza.

Wiki hiyohiyo mjomba alileta debe la mbegu kutoka Sigor, ileile ya Kogo, aliyokuwa amepewa zamani. Aliihifadhi kwa kuichanganya na majivu na kuifunika. Jiko letu lilikuwa likitoa majivu kila asubuhi, nami ndiye niliyekuwa nikiyamwaga kwenye shimo la takataka. Kumbe ilitakiwa kuhamisha mbegu tu. Mjomba alieleza, Baba akasikiliza akitikisa kichwa, wakanywa chai, na hakuna aliyesema jiko lijengwe tena. Mama Akinyi hakurudi kuomba moto kwetu.

Sasa naishi Bomet mjini. Shule sikufika mbali, lakini nina gesi ya meko mawili, sufuria ya presha inayolainisha maharagwe kabla sijamaliza kufua, na ndoto ya kufungua hoteli ndogo, ambayo haijaniacha. Mama nakaa naye. Pale hospitali, kabla hata ya kummulika macho, daktari alimwuliza amekuwa akipikia wapi. Haoni tena. Asubuhi namkalisha karibu nami jikoni, nazungusha kitufe, gesi inalia tik-tik, na moto wa buluu unatoka safi, hauna harufu. Mama akiusikia huo mlio hugeuza uso pembeni na kufumba macho, kama anayekwepa moshi.