Mafuta Mingi Kwenye Bastola ya Bwana Émile

Mzungu alimwekea mpishi wake chupa ya bia kichwani, akarudi nyuma, akamwelekezea bastola.

Mchana kweupe. Mbele ya wageni, watu wametoka misa.

Huyo mpishi ni Rigobert, babu yake mama yangu. Mzungu ni Bwana Émile, msimamizi wa ghala pale Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mtu wa hovyo kabisa. Kwao Ubelgiji sidhani kama hata jirani alimsalimia, ila aliposhuka tu kwenye treni huku, akawa mfalme.

Bastola yenyewe ilikuwa kuukuu. Mgiriki aliyemuuzia alihama mji muda si mrefu, nadhani mnanielewa.

Risasi ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ikagoma kupanda.

Basi Bwana Émile akajifanya fundi. Akabadilisha risasi. Akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akakigonga mezani. Akavuta springi yake. Akakunja midomo ya kikasha kwa koleo la jikoni. Wapi! Risasi inakwama vilevile.

Na kazini alishatangaza kwamba Jumapili wenzake waje kuona shabaha.

Jumamosi akamtupia Rigobert lile dude.

"Bunduki hapana kula risasi! Wewe sukula, wewe safisha, wewe tia mafuta mingi!"

"Mafuta gani, bwana?"

"Mafuta! Hapana jua mafuta? Makako!"

Yaani nyani. Miaka yote hiyo mjini, Kiswahili chake kilikuwa cha kutukania tu. Sasa mpishi wa Katanga ukimwambia mafuta hivi hivi, atakuelewaje? Mawese. Mekundu, mazito, ya kupikia moambe ya kuku.

Msidhani Rigobert alikuwa mjanja. Hapana. Alikuwa na majivuno ya kazi yake mpaka yanachosha. Akayapasha mawese moto yakawa maji, akayamimina ndani ya kikasha mpaka yakajaa, akapangusa bastola nje ikang'aa. Akaridhika kabisa.

Bwana Émile akaitupa garini bila hata kuijaribu. Fundi gani huyo?

Ilikuwa mwezi wa sita. Baridi ya huku mwezi wa sita mnaijua, mawese yanaganda kwenye chupa mpaka unayachota kwa kijiko.

Jumapili wageni wakaja, wakanywa. Bwana Émile naye akanywa, akavimba kichwa.

"Rigobert! Kuya hapa! Simama kwa ukuta! Hapana tikisika!"

Akamwekea chupa. Rigobert akaona bwana anayumba kwa pombe. Akaanza Salamu Maria kimoyomoyo, akasahau katikati.

Bwana Émile akavuta chuma cha juu, akafyatua.

Tik.

Akavuta tena. Tik. Risasi zimeganda ndani, hakuna hata moja iliyopanda.

Akachomoa kikasha kwa hasira, akakikung'uta. Bonge jekundu likadondokea suruali yake nyeupe.

"Nini hii?"

"Njo mafuta, bwana. Ulisema nitie mingi."

Mgeni mmoja, Antoine, akanusa. "Mais ça sent la moambe!" Yaani, mbona inanukia moambe!

Walicheka mpaka wakashika viti. Bwana Émile alimfukuza Rigobert palepale, akabaki na jina: Bwana Moambe. Hata ghalani walimwita hivyo kwa nyuma.

Rigobert alifika nyumbani anatamba.

"Nilimuchezea, mama. Muzungu ile iko muyinga!"

Mke wake, Constance, ambaye habari ya kufukuzwa ilishamfikia, alikuwa anafunga vyombo wahame kwenye nyumba ya bwana. Hakucheka.

"Baba Paulin, sema kweli. Kama alikupatia mafuta ya bunduki, ungetia?"

Rigobert akashika kamba ya mzigo, akajifanya anaikaza.

"Nakuuliza. Ungetia?"

"Ningetia."

"Muzuri?"

"Muzuri sana."

Constance akaketi chini, akalia. Ndipo Rigobert naye akaketi kando yake, maana alijijua. Angeitengeneza ile bastola kwa mikono yake mpaka ifanye kazi sawasawa, kisha angeenda kusimama ukutani.

Kwa hiyo nyinyi mnaojiua kumridhisha bosi anayewaita wanyama, angalieni vizuri mnachomtengenezea. Babu yetu hakupona kwa akili. Alipona kwa sababu mjinga mmoja alidharau kujifunza Kiswahili.