Jirani Aliyeleta Kuni Kwenye Somo la Yoga

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika kwenye kituo cha afya cha Mahagi-Port, kando ya ziwa, nimevaa viatu vya visigino na kitambaa kipya cha kichwa. Shefu wa kituo, muzee mufupi mwenye sauti kubwa, aliniangalia kutoka chini mpaka juu.

"Mama, weye unakuja kufanya kazi ao unakuja kuolewa?"

Nikamujibu kwamba nimekwisha kuolewa.

"Basi vua ile viatu. Hapa tunapiga magoti."

Nilivua. Tangu siku ile nilifanya kazi kwa kandambili, magoti chini, kichwa karibu na mugonjwa. Nyinyi vijana wa sasa munasimama mbali na mugonjwa kama munaogopa atawaomba nauli. Munakosa mengi.

Kazi yetu iliitwa kine. Ni kazi ya kumurudishia mutu viungo vyake wakati daktari amemaliza ya kwake. Mufupa umeunga, plasta imetolewa, lakini goti limekuwa gumu na linakataa kukunjika. Kine analishika kwa mikono miwili, analikunja kidogo kidogo kila siku, na mugonjwa anamutukana. Kule ziwani wagonjwa wangu wengi walikuwa wavuvi, mabega yao yamekwisha kwa kuvuta nyavu. Shefu alinionyesha namna ya kuwashika. "Usivute mukono wa mutu wakati anaingiza pumzi," alisema. "Ngoja aitoe. Pale ndiyo mwili unakubali." Maneno yale nilitumia maisha yangu yote.

Kutoka pale nilitumwa Kilo, kwenye machimbo ya zahabu, na Kilo ni migongo. Kijana anaingia kwenye shimo la zahabu akiwa amenyooka, baada ya miaka michache anatembea akitazama vidole vyake vya miguu. Niliikanda migongo ile asubuhi mpaka jioni. Bwana yangu aliuza sabuni na vitenge karibu na kituo. Watu walimwita Papa Dieudo, kwa sababu ya mutoto wetu wa kwanza, Dieudonné. Alikuwa mutu wa mizaha, na wachimbaji walikuja dukani kwake hata siku hawana cha kununua. Tuliishi vizuri pale, nalisema wazi.

Halafu vita ikafika. Nilikimbia na watoto mpaka Bunia. Yeye alibaki kufunga duka, akasema atatufuata. Hakufika. Tuliambiwa ameuawa njiani, na kwamba watu tusiowajua wamemuzika. Wakati ule tulikuwa tunalala ndani ya darasa la shule pamoja na familia zingine, na kila familia ilikuwa na wafu wake. Matanga ungeyafanyia wapi? Kwetu mutu akifa, wanawake wanatandika mikeka nyumbani kwake na kulala pale chini pamoja na mujane. Majirani wanaleta kuni na unga, wanaume wanakaa nje kwenye moto, na mujane analia mpaka anachoka. Mimi sikulala kwenye mukeka ule. Niliwaambia watoto tutafute chakula kwanza, machozi yatangoja. Nikaenda kuomba kazi.

Nilipokelewa kwenye kituo cha watawa, pale walipotembeza tena watu waliokatwa miguu na waliopooza. Mukubwa wetu alikuwa Masoeur Directrice, mutawa mwembamba kutoka India aliyejifunza Kiswahili chake sokoni. Aliniangalia nikifanya kazi siku kadhaa, halafu akaniita ndani ya biro, ofisi yake.

"Mama Kine, weye unapumua kama mutu mwenye anaiba hewa."

Nikasema ni uchovu tu.

"Hapana. Hewa inafika hapa," akagusa koo yake, "na inarudia hapa. Kesho ukuje mbele wagonjwa hawajafika."

Ndiyo namna nilianza yoga, kwa amri ya mukubwa wa kazi. Yoga ni mikao ya mwili inayofuata pumzi: unainua mikono ukivuta hewa, unainama ukiitoa, hakuna haraka. Mwanzoni niliona ni kupoteza wakati. Lakini bega langu la kuume, lililokuwa zito tangu siku zile za kukimbia, likaanza kuinuka. Hasira zangu zikapungua, na watoto walikuwa wa kwanza kuona. Kazi ikawa na ladha tena.

Kitu kimoja tu kilinishinda. Kila somo linafungwa kwa mukao wa mwisho: unalala chali kwenye mukeka, mikono wazi, macho yamefungwa, kimya. Wenye kujua wanasema pale ndipo mwili unapokea kazi yote uliyofanya. Mimi mugongo ukigusa mukeka, kifua kinafunga na hewa inakatika. Sababu niliijua vizuri sana. Mwanamuke amelala chini katikati ya wanawake wengine, mwili wangu ulijua hiyo ni nini, na ulijua nilikuwa bado sijaifanya. Niliogopa nikianza sitaweza kunyamaza tena, na watoto walikuwa na mimi peke yangu.

Nilimwambia Masoeur Directrice yote. Hakunisukuma. "Basi weye utasimama, utachunga wengine," alisema. "Lakini usidanganye watu kwamba umepona."

Alipohamishwa, masomo yalibaki mikononi mwangu. Nilifundisha waliokatwa miguu wakiwa kwenye viti. Nilifundisha vijana wa pikipiki, ambao viuno vyao vinazeeka kabla ya nyuso zao. Nilifundisha wanawake waliokimbia vijiji vyao, na wauzaji wa soko. Majina ya mikao yaliyoandikwa kwenye vitabu sikuyatumia. Ule mukao wa kusimama wima wanaouita mulima, mimi niliuita mama mwenye ndoo ya maji kichwani, na kila mutu akanyooka palepale. Wengine waliniuliza kama hii siyo dini ya watu wengine. Niliwajibu kwamba hata pasta anapumua. Nilikuwa mwalimu muzuri, siwezi kujificha nyuma ya unyenyekevu. Watu walikuja wamejikunja, walienda wamenyooka. Na kila mwisho wa somo wao walilala, mimi nikasimama.

Nilipostaafu walinifanyia karamu na hotuba ndefu, kisha nikaendelea kufundisha nyumbani kwangu. Uwanja ni mukubwa, umezungushiwa ua wa matete. Jumamosi moja asubuhi wanafunzi wangu, wote wanawake, walikuwa kwenye mukao wa mwisho. Mikeka ilijaa kutoka jikoni mpaka kwenye ua. Mimi nilisimama katikati yao, kitenge kimefungwa kiunoni, ninawaongoza pumzi kwa sauti ya chini.

Mama Kavira akapita njiani. Huyu ni mufanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa amehamia karibu nasi siku si nyingi na hakujua kazi yangu. Juu ya ua aliona wanawake wamelala chini kimya mchana kweupe, na mwenye nyumba amesimama na uso mugumu. Weye ungewaza nini? Alirudi kwake mbio. Akaingia kwangu na fungu la kuni kichwani, akalitua, akapiga kilio kama inavyotakiwa.

Wanafunzi walishtuka. Mumoja akaanza kuchekea ndani ya kitambaa chake.

"Pole, mama," Mama Kavira akaniambia, machozi yanatiririka. "Ni nani ametutoka?"

Mwanafunzi mumoja alikuwa anafungua kinywa amweleze kwamba hapa hakuna maiti, ni mazoezi tu. Nikasikia mimi mwenyewe ninajibu.

"Ni bwana yangu."

Kicheko kikakatika.

"Lini?"

"Zamani. Wakati tulikimbia Kilo."

Nilidhani ataona haya, atachukua kuni zake aende. Akasogea karibu yangu.

"Na mulimulilia?"

"Hapana. Hatukumulilia."

Akafunga kitenge chake vizuri. "Basi hizi kuni hazirudi kwangu," alisema. "Na mwenye matanga hasimami. Lala, mama."

Alinishika mukono kama mugonjwa anavyoshikwa, akanilaza, akalala pembeni yangu. Kifua kikafunga kama siku zote. Halafu pumzi ikatoka, na sauti ikatoka pamoja nayo. Nililia kama mutu aliyefiwa asubuhi ile. Wanawake wangu walirudi kwenye mikeka yao, na safari hii hakuna aliyekuwa mwanafunzi. Mchana watu wote wa avenyu yetu walikuwa kwangu, na sufuria, na unga, na wanaume wakawasha zile kuni nje.

Bunia habari inakimbia kuliko pikipiki. Mutu mumoja alimupigia simu mwanangu Dieudo kule Aru, mpakani, anakofanya kazi ya mizigo. Alimwambia, "Kwenu iko matanga," basi, akakata. Simu yangu ilikuwa imezimika ndani ya nyumba. Kesho yake mwanangu akaingia uwanjani na vumbi la safari, analia "Mama, mama," na akanikuta nimekaa kwenye mukeka ninakula bugali.

Alisimama pale, mwanaume mukubwa, baba ya watoto.

"Waliniambia iko matanga. Nilijua ni weye."

"Hapana, mwanangu. Ni ya papa yako."

Nilingoja hasira, maana alikuwa na haki nayo. Haikuja. Alikaa chini, akavua viatu pole pole, akaviweka pembeni.

"Nilikuwa nangoja weye uanze," alisema. "Tangu niko mutoto, mama, nilikuwa nangoja weye uanze."

Tulilia pamoja, na ilituchukua muda.

Nyinyi munaosomea kine sasa, na nyinyi munaotaka kufundisha yoga, jifunzeni mifupa, jifunzeni misuli, someni vitabu vyote. Lakini mutu akikataa mukao, musimuvute na musimucheke. Kaeni naye, mumuulize kwao mukao huu una maana gani. Mwili wake unakataa kwa sababu, na yeye anaijua. Mimi nilifundisha wengine miaka mingi nikiwa bado nusu, na sijutii, maana kazi ile ndiyo ilinishikilia mpaka siku ya Mama Kavira. Sasa ni yeye anasimama na kuongoza pumzi mwisho wa somo. Mimi ninalala na wengine.

Dieudo akija kutoka Aru, analala kwenye mukeka wa pembeni yangu. Anakoroma hata kabla ya pumzi za kwanza kwisha, na wanawake wanacheka. Mama Kavira huniuliza kwa macho kama amuguse bega. Ninamukatalia. Acheni alale, huyu alichelewa sana kulala.