Gego la Mkuu

Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza shule ya udaktari wa meno pale Bukoba niliuandikia ripoti ndefu, yenye picha. Bodi ikaisifu. Humo nimesema wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho walifaulu mtihani wa kung'oa jino. Ni kweli tupu. Nilichokiacha ni namna mmoja wao alivyofaulu, na kimenikaa kooni tangu siku ile.

Mtihani huo una sharti: kila mwanafunzi atafute mgonjwa wake mwenyewe, mwenye jino lisilofaa tena kuzibwa. Asiye na mgonjwa hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani anarudia mwaka. Kwa hiyo majira hayo Bukoba nzima hutazamwa mdomoni. Ukipiga mwayo sokoni unaombwa namba ya simu.

Mimi, mtu wa Tanga tena mwenye pupa, nikauwahisha mtihani kwa wiki mbili ili uingie kwenye ripoti. Nilijiona mjanja sana. Siku ya tatu baada ya tangazo akaja ofisini mwanafunzi mmoja, binti mtaratibu aliyepanga chumba mtaa wa Bilele, ameshika kalenda. Mgonjwa wake alikuwa mvuvi wa dagaa kisiwani Goziba. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikianza, wavuvi hupumzika, huvuka kuja nchi kavu, na ndipo hukumbuka meno yao. Binti alikuwa amepatana naye kwa mbalamwezi. Tarehe yangu mpya ilikuwa katikati ya giza, na simu ya mvuvi haikupatikana.

Niliona aibu, nami nikiona aibu huwa mkali. Nikasema twende Muleba kwa mama yake huyo mvuvi, kwani ukoo mzima hauwezi kukosa jino bovu.

Mama alitupokea vizuri mno. Akasema mwanawe hatoki kisiwani kabla ya mbalamwezi, na kuhusu yeye mwenyewe akacheka ili tujionee: meno yote yapo, yote mazima, katika umri wa kuwa na vitukuu. Nilimchukia kidogo. Kisha akaleta kikapu cha akamwani, buni zilizochemshwa na maganda yake zikakaushwa, ambazo mgeni katika nyumba ya Kihaya hupewa atafune. Binti alichukua mbili, akazitafuna taratibu kwa upande mmoja. Mimi nilikuwa na njaa na hasira. Nikatia mdomoni kiganja kizima, nikauma kama ninauma bisi.

Kitu kikalia ta! ndani ya kichwa. Gego langu la chini lililotoboka, ambalo kwa miaka mingi nilikuwa naliahidi matibabu, likapasuka katikati.

Nikashika shavu, nikasema si kitu. Mama akaniambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, hizi zinatafunwa pole pole," akaniongezea nyingine. Lakini binti alikuwa ananitazama. Sijatazamwa vile tangu siku ya posa.

"Samahani, Mkuu," alisema kwa adabu zote. "Hebu fungua mdomo."

Mganga hajigangi, hilo linajulikana. Ila mimi sikuwa nimewahi kumruhusu hata mganga mwingine. Naogopa sindano. Nimewafundisha watu wazima kumwambia mgonjwa kwamba haiumi, na mwenyewe sikuwahi kujua kama ni kweli. Njia nzima ya kurudi Bukoba nilitoa visingizio: cheo, presha, heshima ya shule. Binti alivisikiliza vyote hadi vikaisha.

"Nikirudia mwaka, Mkuu," alisema, "ni kwa tarehe uliyoipanga wewe."

Ijumaa nikakaa kwenye kiti.

Mtahini alikuwa ametoka Mwanza na hakunijua. Kwenye fomu binti aliandika kazi ya mgonjwa kuwa mwalimu. Kisha akaniambia maneno niliyomfundisha mwenyewe, kwamba nikiumia niinue mkono. Nikauinua.

"Bado," alisema. "Navaa glavu."

Niliuinua tena alipowasha taa, na tena alipogeuka kuchukua pamba. Mara ya nne akamwomba muuguzi aushike. Nikamngojea aseme haiumi. Hakusema. Aliniambia sindano itauma kidogo ikiingia, kisha haitauma tena. Ikauma kidogo, kisha haikuuma tena, na nilipokuwa bado nangoja aanze, gego lilikuwa kwenye sahani. Nilitokwa na machozi, na si ya maumivu. Mtahini alimpa alama za juu, akaandika kwamba mgonjwa alikuwa msumbufu kupita kiasi na mtahiniwa alimvumilia.

Mbalamwezi ilipoanza, mvuvi akaja, shavu limevimba, na ndoo ya dagaa. Alikuwa ameshapata habari zote kwa mama yake, ambaye binti alimsimulia, naye akamtaka binti yule yule, hakuna mwingine. Mlangoni akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama inauma.

Nikafungua mdomo kusema haiumi, kama ninavyosema siku zote. Nikauacha wazi ili alione pengo.

"Kidogo, sindano inapoingia," nilimwambia. "Huyo hatakudanganya."

Akasema binti amemwagiza ainue mkono akiumia, akaniuliza kama mimi niliuinua.

"Mara moja tu," nilijibu, na ndani ya chumba binti akakohoa.