Mtani Alipolala Mtaroni

Nakumbuka siku moja ya gulio, mwanangu, au labda ilikuwa kesho yake. Nina mazoea ya kuandika mambo kila jioni, lakini mwandishi mwenyewe niliishia darasa la saba, na siku ile nilicheka mno hata kalamu haikushikika. Nitakusimulia ninavyokumbuka. Nikikosea, wapo waliokuwepo, watanirekebisha.

Wakati huo nilikuwa kijana. Usicheke. Nilikuwa mama wa watoto tayari, lakini mikutanoni bado niliitwa kijana, na kwa sababu hiyo nikatiwa kwenye kamati ya kitongoji, maana wazee walisema mambo ya intaneti ni ya vijana. Mkongo wa mawasiliano, ule waya wa intaneti unaofukiwa ardhini, ulikwisha kupita barabara kuu zamani. Sisi wa huku ndani, upande wa Puge, tulibaki kupanda juu ya kichuguu ili simu ishike. Muuguzi wa zahanati yetu akitaka kumwuliza daktari jambo, alipanda pikipiki mpaka mjini, na mgonjwa akamsubiri. Basi tulipoambiwa mkongo utaletwa mpaka zahanati na shuleni, watu walifurahi kama wameona mvua ya kwanza.

Njia ilikuwa moja tu. Kulia ni mbuga ya udongo mweusi, masika nzima imejaa maji. Kushoto ni mawe matupu. Katikati ndipo ulipo uwanja wa Mzee Kapaya, na pembeni ya uwanja kaburi la mkewe, Bi Nyamizi, aliyefariki masika iliyotangulia. Mzee akasema mtaro wa kufukia mkongo haupiti hapo.

Kamati ikaenda, ikarudi, ikaenda tena. Mhandisi, kijana mpole kutoka Dar es Salaam, wala sitaki kumsingizia, alieleza kwa adabu kwamba mtaro utakaa mbali na kaburi, utafukiwa, na majani yataota juu yake. Akasema pia ukweli ambao ilimpasa kuusema: njia ikikosekana, mafundi watasonga mbele, na sisi tutangoja bajeti nyingine, asijue ya lini. Mwenyekiti akaongeza maneno ya maendeleo. Mzee alisikiliza yote. Akatuletea matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, tukala. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mmekuja na kasi. Hakuna aliyekuja na pole."

Kwa haki lazima niseme, pole tulimpa msibani. Lakini maziko yale yalikuwa ya mvua. Nyamizi alizikwa haraka kabla shimo halijajaa maji, na hakuna mtani aliyefika. Wewe umekulia mjini, ngoja nikueleze. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo tangu babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu kwenda pwani na kupokelewa kule. Penye msiba mtani ana kazi yake. Hutukana, huiga mwendo wa marehemu, hata hujilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu, hadi wafiwa wacheke na machozi yao usoni. Asipokuja, kilio hukosa pa kutokea. Mzee Kapaya alikuwa hajacheka tangu masika ile, na sisi majirani tulidhani ni uzee tu.

Tulipokuwa tunarudi, msimamizi wa wachimbaji, mtu mmoja mnene aitwaye Kondo, akaniuliza huyo mzee ni kabila gani. Nikamwambia. Akauliza kama msibani kulikuwa na watani. Nikasema hapana. Kondo, ambaye ni Mzaramo wa kuzaliwa, akasimama njiani akashika kiuno, akasema hiyo kazi sasa ni yake.

Kesho yake asubuhi, sisi wa kamati, mhandisi na majirani tukimfuata nyuma, aliingia uwanjani bila shikamoo wala hodi.

"Nyie wabeba pembe za ndovu! Mmemzika bibi yangu kimyakimya, pilau mkala peke yenu?"

Mzee akainuka na fimbo. Nikajua mkongo umekwisha, na mimi ndiye nitakayelaumiwa.

"Mzaramo wewe," mzee akasema, "msiba masika, unakuja kiangazi? Ulikuwa umelala chini ya mnazi?"

"Nilikuwa njiani. Babu yako alitembea mpaka pwani na mzigo kichwani, wewe leo unaogopa waya mwembamba kama ugoro?"

"Ugoro si mwembamba, mjinga wewe. Ugoro ni unga."

"Ndiyo ujue nimesoma kuliko wewe."

Akashuka kwenye mtaro ulioishia ukingoni mwa uwanja, akajinyoosha chali, akafumba macho. Akatangaza kuwa haamki mpaka aletewe jogoo, na awe mwenye kilemba kikubwa. La sivyo wamfukie humo humo afe Mnyamwezi, maana adhabu kubwa kuliko hiyo haijui.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Kumbe ni kicheko, kilichotoka mbali hata akashindwa kusimama, akakaa chini, akalia, akacheka tena. Wanawake tukapiga vigelegele. Jogoo akakamatwa kwa mbio za watu wazima.

Kondo alipotoka shimoni akajipukuta vumbi, akawa mtu mwingine. Akaomba ufagio, akafagia kaburi taratibu, akanyunyiza maji, akampa mzee mkono na pole kamili.

Kisha Mzee Kapaya akachukua fimbo yake akachora mstari wa mtaro mwenyewe. Aliupitisha karibu kabisa na kaburi, karibu kuliko hata mhandisi alivyoomba, ikabidi mhandisi amsihi ausogeze nje kidogo.

"Nyamizi alipenda habari," mzee akasema. "Zipite hapa, azisikie."

Siku hizi muuguzi anamwona daktari kwenye kioo cha simu bila kupanda pikipiki, na watoto shuleni wanaona bahari wasiyowahi kuifikia. Kondo yuko mikoa mingine, lakini Mzee Kapaya humpigia simu ya picha ili amtukane, na hutukanwa vizuri sana.

Mwanangu, unayekwenda kwa watu na jambo jema, sijui kama nina elimu ya kukushauri, ila hili nimeliona. Jema lako halina haraka kuliko uchungu wa mwenzako. Kabla hujaonyesha ramani, uliza nani amezikwa hapo, na alizikwaje. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; basi hakikisha umekuja kwa namna ya kuponya. Wala usiende kumtukana mzee asiye mtani wako ukasema ni mimi niliyekutuma.

Mungu akufungulie njia kila uendako, akupe wa kukupa pole na wa kukuchekesha, na milango unayobisha ifunguliwe na watu wanaotabasamu.